Kura 10 za Burlington: Bernie Sanders alivyofika Seneti bila kadi ya chama

SWALI: "Ndugu mtaalamu, hapa Tanzania mgombea binafsi haruhusiwi, lazima uteuliwe na chama. Nasoma kwamba Bernie Sanders wa Marekani alianza na umeya wa mji mdogo, akaingia bungeni, akaenda Seneti, na kote huko hakuwa na chama. Halafu mwaka 2016 na 2020 nikamwona anagombea urais ndani ya Democratic. Aliwezaje kupanda bila chama, na kwa nini mwishoni akakimbilia chama? Na huyu mtu ni Democrat au siyo?"

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na swali lako la kwanza, maana hayo mawili yanatoka humo humo. Wengi hudhani Sanders alipanda kwa ukali wa ulimi, au kwa kuwa Wamarekani wanapenda wagombea huru. Kila jimbo la Marekani linaruhusu wagombea huru kwa namna fulani, na karibu wote huanguka. Yeye alipanda kwa hesabu. Alijifunza, tena kwa kuanguka mara nyingi, ni uchaguzi gani mtu hushinda kwa asilimia 43 na ni upi unadai zaidi ya nusu. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Safari ya Sanders ni safari ya kunguru aliyejua kusoma ugomvi wa panzi, na siku panzi walipopatana ndipo safari ilipokwama.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Nikisema jimbo namaanisha jimbo la muungano wa Marekani, kama Vermont au New York, si jimbo la uchaguzi. Na meya wa Burlington si kama meya wa Dar es Salaam, ambaye huchaguliwa na madiwani wenzake. Huyu hupigiwa kura moja kwa moja na wananchi, Jumanne ya kwanza ya Machi, na enzi hizo muhula ulikuwa miaka miwili. Usiipite tofauti hiyo haraka. Kwa utaratibu wa Tanzania, mtu anayeungwa mkono na madiwani wawili kati ya 13 hawezi hata kuota umeya. Sanders aliupata akiwa na hao hao wawili.

Jambo la pili ni kwamba Vermont haiandikishi wapiga kura kwa vyama. Daftari halisemi huyu ni Republican, yule ni Democrat. Siku ya kura za mchujo, yaani za kuchagua mgombea wa chama, unapewa karatasi za vyama vyote vikubwa, unaingia kwenye kibanda, unajaza moja, nyingine zinabaki. Mwanasiasa wa Vermont asiye na chama hana kasoro yoyote kwenye makaratasi. Amefanana na kila mpiga kura wake. Angezaliwa kisiasa New York, alikotoka (alizaliwa Brooklyn mwaka 1941 na kuhamia Vermont mwaka 1968), hadithi ingekuwa nyingine. Nitaonyesha baadaye New York ilivyomfanya.

Alianza kwa kuanguka. Aligombea mara nne kwa chama kidogo kilichopinga vita vya Vietnam, Liberty Union: Seneti Januari 1972, ugavana Novemba mwaka huo huo, Seneti tena 1974, ugavana tena 1976. Alipata takriban asilimia 2, 1, 4 na 6 kwa mfuatano huo. Mwaka 1977 akakiacha chama. Ukitazama asilimia hizo unaona mtu wa pembeni, na hivyo ndivyo kila mtu alivyomwona. Rafiki yake Richard Sugarman, mwalimu wa masomo ya dini Chuo Kikuu cha Vermont, alizitazama kwa namna nyingine. Aliacha jumla ya jimbo zima, akachambua matokeo ya 1976 kata kwa kata ndani ya Burlington, akakuta kwamba kwenye kata za watu wa kipato cha chini Sanders alifanya vizuri kuliko kwingine kote. Asilimia 6 za jimbo zima hazikupi kitu. Lakini kura hizo zikiwa zimerundikana mji mmoja, na mji wenyewe una watu wapatao 38,000 tu, basi una msingi wa kugombea umeya. Ushauri wa Sugarman ulikuwa huo tu: acha jimbo, gombea mji. Kwa maoni yangu hakuna ushauri mwingine aliopewa Sanders maishani uliozidi huo thamani.

Sasa njoo mwaka 1981. Meya alikuwa Gordon Paquette wa Democratic, amekaa mihula mitano, miaka kumi. Alikuwa na makosa matatu, na yote yanafaa kuangaliwa na yeyote anayedhani kiti chake ni cha kudumu. Kosa la kwanza, alipendekeza kupandisha kodi ya majengo mwaka wa uchaguzi. La pili, aliwazoea Warepublican kiasi kwamba hawakusimamisha mtu. Ukiangalia haraka utasema hiyo ni faida kwake, kumbe ilimwondolea mpinzani wa kumtisha, watu wake wakalala nyumbani. La tatu ndilo lililomuua: Richard Bove, mwenzake wa Democratic aliyeshindwa na Paquette kwenye uteuzi wa chama, alijitoa akagombea kivyake. Panzi wawili hao.

Sanders naye akajenga muungano wa ajabu kidogo. Wapangaji wa Old North End, mtaa wa wafanyakazi. Wanafunzi na wahadhiri wa chuo kikuu. Halafu, jambo lililowashangaza wote, chama cha askari polisi wa mji, waliokuwa wamechoshwa na meya kuhusu mishahara na mazingira ya kazi. Msoshalisti anayeungwa mkono na polisi! Uungwaji mkono ule ulikuwa na kazi maalumu: mpiga kura mzee aliyeogopa neno usoshalisti alipoona polisi wamemkubali, hofu ilipungua. Kampeni yenyewe ilikuwa ya kubisha hodi mlango kwa mlango na kuzungumza kodi, theluji isiyozolewa mitaa ya maskini, na ufukwe wa Ziwa Champlain uliokuwa unataka kuuzwa kwa wajenzi wa nyumba za matajiri. Hakuzungumza ubepari wa dunia. Alikwisha kuuzungumza kwenye kampeni nne za Liberty Union na akajua kura zake.

Usiku wa tarehe 3 Machi 1981 alitangazwa mshindi kwa kura 14. Zikahesabiwa upya, zikabaki 10: kura 4,330 dhidi ya 4,320 za Paquette. Bove alichukua zaidi ya 1,000. Sanders alipata kama asilimia 43, maana yake zaidi ya nusu ya wapiga kura hawakumtaka. Kwa sheria ya mwenye kura nyingi ndiye mshindi, hiyo inatosha.

Kuchaguliwa ni jambo moja na kutawala ni jingine, na hapa wagombea huru wengi huishia. Madiwani 11 kati ya 13 walikuwa wa vyama vikubwa na walimpinga. Walimnyima hata katibu muhtasi aliyemtaka, kisha wakakataa watu wote aliowateua kuongoza idara. Mwaka mzima alitawala na wasaidizi wa meya aliyemwangusha, huku washauri wake halisi wakifanya kazi bure usiku. Mpango wa madiwani ulikuwa rahisi: tumfungie kwa miaka miwili, wananchi wataona hafanyi kitu, ataondoka.

Mpango huo uliwarudia. Wananchi waliona vizuri kabisa ni nani anayezuia kazi. Machi 1982, viti kadhaa vya udiwani vilipogombewa, watu wa Sanders walishinda vitatu vipya na kufika watano. Watano kati ya 13 bado ni wachache, hawapitishi kitu peke yao. Lakini meya ana kura ya turufu, na kuivunja kunahitaji theluthi mbili, yaani madiwani tisa. Toa watano kutoka 13, wapinzani wamebaki wanane. Upungufu wa mtu mmoja tu, na kuanzia hapo hakuna bajeti iliyopita bila kuzungumza naye. Ndiyo maana nasema ukigombea kwa jina lako peke yako, usisahau madiwani. Meya huru asiye na kundi barazani ni mgeni mwenye ofisi nzuri.

Alipopata nafasi ya kuteua, mteule mmoja alizidi wote kwa uzito: mweka hazina Jonathan Leopold. Wakafungua vitabu vya fedha vya mji wakakuta ziada ya karibu dola milioni 2 ambayo utawala uliotangulia haukuwa ukiionyesha. Bima ya mji, iliyokuwa ikigawiwa kwa mazoea kwa mawakala wale wale, ikapelekwa kwenye zabuni na gharama ikashuka. Mambo haya hayana shamrashamra, ila wafanyabiashara waliotarajia mfilisi walikuta meya anayejua hesabu. Mwaka 1983 akarudi na asilimia 52. Mwaka 1985 akashinda tena. Mwaka 1987 Warepublican na Wademocrat wakaungana nyuma ya mtu mmoja, Paul Lafayette, na Sanders bado akapata zaidi ya nusu. Kutoka 43 mpaka zaidi ya 50 bila mgawanyiko wowote wa kumsaidia: hapo ndipo unaweza kusema sasa ana kura zake mwenyewe, si za kuokota.

Mradi mmoja wa enzi hizo nitaueleza kwa undani kwa kuwa umenakiliwa nchi nyingi. Mwaka 1984 mji ulitoa dola 200,000 kuanzisha dhamana ya ardhi ya jamii. Utaratibu wake ni huu: dhamana inamiliki kiwanja, familia inanunua nyumba iliyo juu yake tu, hivyo bei inashuka. Ukija kuuza, unarudishiwa ulicholipa pamoja na robo ya ongezeko la thamani, na robo tatu zinazobaki hukaa ndani ya nyumba ili mnunuzi anayefuata naye amudu. Chukua mfano: nyumba imepanda kwa dola 40,000 tangu uinunue, wewe unaondoka na 10,000 za ongezeko, na 30,000 ni punguzo la anayekuja. Ukweli ni kwamba muuzaji hukosa faida ambayo jirani yake wa soko huria anaipata, na wapo waliolalamikia hilo. Lakini ruzuku ya umma haipotei na mnunuzi wa kwanza. Taasisi hiyo ipo hadi leo, imeungana na nyingine na inaitwa Champlain Housing Trust.

Kuhusu ule ufukwe, wanaomsifu husimulia nusu. Alishinda kwa kaulimbiu kwamba Burlington haiuzwi, lakini akiwa madarakani aliunga mkono mpango wa mwekezaji uliokuwa na hoteli na makazi pamoja na bustani ya umma. Mpango huo ukapelekwa kwa wananchi Desemba 1985 kuomba idhini ya hati fungani. Ulipata zaidi ya nusu ya kura, ila sheria ilidai theluthi mbili, ukaanguka, huku baadhi ya waliompigia kura yeye wakiwa mstari wa mbele kuupinga. Kilichookoa ufukwe hasa ni Mahakama ya Juu ya Vermont mwaka 1989, iliyoamua kwamba ardhi ile iliyojazwa ziwani ni dhamana ya umma na haiwezi kutumiwa vyovyote mwenye nayo apendavyo. Leo ni bustani na njia ya baiskeli. Sanders alizindulia hapo kampeni ya urais tarehe 26 Mei 2015.

Ngazi iliyofuata ilimshinda mara mbili. Mwaka 1986, akiwa bado meya, aligombea ugavana akapata asilimia 14. Madeleine Kunin wa Democratic akaongoza kwa 47, Peter Smith wa Republican 38. Kwa ugavana, katiba ya Vermont inataka zaidi ya nusu. Asipopatikana, bunge la jimbo ndilo linalochagua, na ndivyo Kunin alivyothibitishwa Januari 1987. Fikiria maana yake kwa mgombea huru: hata angeongoza kwa asilimia 40, hatima yake ingekuwa mikononi mwa wabunge wa vyama viwili. Ugavana wa Vermont haukuwa mlango wa mtu kama yeye. Ilikuwa hesabu mbaya tangu mwanzo.

Kiti cha Baraza la Wawakilishi kule Washington ni tofauti. Kwanza, mwenye kura nyingi anashinda, hata zikiwa 38. Pili, Vermont ni ndogo kiasi kwamba ina mbunge mmoja tu wa jimbo zima. Mwaka 1990 ilikuwa na watu wapatao 563,000, na kata za Burlington na miji inayoizunguka ni sehemu kubwa ya hao. Jimboni California meya wa mji wa watu 38,000 hajulikani hata wilaya ya pili. Vermont, meya wa Burlington ni meya wa mji mkubwa kuliko yote, na magazeti na runinga za Burlington ndizo zinazosomwa na kuangaliwa karibu kote.

Mwaka 1988 kiti kilikuwa wazi. Smith wa Republican akapata 41, Sanders 38, Paul Poirier wa Democratic 19. Kwenye karatasi Sanders alishindwa, ila mimi nauhesabu kuwa ushindi wake mkubwa kuliko ule wa kura 10. Kabla ya hapo Wademocrat walikuwa wakimwambia: wewe ndiye unayetugawia kura. Baada ya hapo kila mtu aliona kwamba aliyegawa kura ni mgombea wao aliyeshika mkia. Mwaka 1990 chama hicho hakikuweka nguvu nyuma ya mgombea wake, naye akapata asilimia 3 hivi. Sanders alipata 56 na Smith kama 40.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo wafuasi wake wa leo hawapendi kuisikia. Smith, akiwa mbunge, aliunga mkono kupiga marufuku bunduki za kivita, na chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kikafanya kampeni ya kumwangusha. Vermont ni jimbo la wawindaji. Sanders hakuwa mtu wa NRA, ila alifaidika, na mwaka 1993 alipiga kura ya kupinga mswada wa Brady uliotaka muda wa kusubiri kabla ya kununua bastola. Deni hilo Hillary Clinton, aliyeshindana naye kuwania uteuzi wa Democratic, alimdai hadharani mwaka 2016.

Ukishaingia bungeni bila chama, tatizo la kwanza ni kamati. Katika Kongresi ya Marekani viti vya kamati hugawiwa na vyama. Kanuni haina mgao wa mtu wa peke yake. Bila kamati huoni mswada mpaka unapofika ukumbini, na hapo umeshapikwa. Wademocrat wahafidhina hawakutaka aingie kwenye vikao vya chama chao. Mapatano yakawa hivi: hataitwa mwanachama, lakini Wademocrat watampa viti vya kamati, na ukongwe wake utahesabiwa katika foleni yao. Yeye kwa upande wake atapiga kura nao kwenye mambo ya uongozi wa bunge. Mwaka 1991 akawa mmoja wa waanzilishi wa kundi la wabunge wa mrengo wa maendeleo, Congressional Progressive Caucus. Miaka 16 aliyokaa huko nitaipita haraka, kwa sababu ni miaka ya marekebisho ya vifungu na ziara za jimboni. Mara moja tu alikaribia kuangushwa, mwaka 1994, alipopata asilimia 49.9 dhidi ya 46.6 za John Carroll. Tukio moja linalokumbukwa ni la 1999, alipopanda basi na wanawake wa Vermont kuvuka mpaka hadi Kanada kununua dawa ya saratani ya matiti kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo tu ya bei ya kwao.

Aprili 2005 seneta Jim Jeffords alitangaza kustaafu. Jeffords mwenyewe alikuwa amejitoa Republican mwaka 2001 na kuwa huru, na kwa hatua hiyo moja akahamisha uongozi wa Seneti iliyokuwa 50 kwa 50. Kwa hiyo viongozi wa Democratic walishajua bei ya seneta huru mmoja. Hawakusubiri mgawanyiko wa 1988 ujirudie. Walimuunga mkono Sanders mapema. Ila bado palikuwa na shimo moja: mtu yeyote angeweza kushinda kura za mchujo za Democratic na kuonekana kwenye karatasi ya Novemba. Namna walivyoliziba ni ya kifundi, na wengi huielewa vibaya. Sanders aliingia kwenye mchujo wa Democratic, akashinda, akakataa uteuzi, kisha akasimama Novemba kama mgombea huru. Kiti cha mgombea wa Democratic kikabaki tupu. Kwa mgombea wa ngazi ya jimbo zima sheria ya Vermont inataka saini 500 tu za wapiga kura, hivyo njia ya uhuru haina gharama kubwa. Kwa hila hiyo ya kisheria alipata mbele yake mpinzani mmoja wa maana, Rich Tarrant wa Republican, tajiri wa programu za kompyuta aliyemwaga mamilioni ya fedha zake. Matokeo: 65 kwa 32. Mwaka 2018 aliirudia njia hiyo hiyo.

Angalia idadi ya Seneti ya 2007: Wademocrat 49, huru wawili, Warepublican 49. Bila wale wawili Democratic haina wingi. Hiyo ndiyo nguvu ya mtu asiye na chama anayejua kukaa mahali ambapo hesabu imebanana. Mwaka 2010, kwenye sheria ya bima ya afya ya Rais Obama, alipata dola bilioni 11 za zahanati za jamii. Mwaka 2013 foleni ya ukongwe ikamfikisha uenyekiti wa kamati ya maveterani, na mwaka uliofuata yeye na John McCain, seneta wa Republican, wakapitisha mswada wa takriban dola bilioni 16 baada ya kashfa ya wagonjwa kusubiri hospitali za maveterani.

Sasa swali lako la pili: kwa nini akakimbilia chama kwenye urais? Kwa sababu hesabu iliyombeba haipo huko. Rais anahitaji kura 270 kati ya 538 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua. Watu watatu wakigawana na hakuna aliyefika 270, Baraza la Wawakilishi ndilo linaloamua, kila jimbo kura moja. Ni lile tatizo la ugavana wa Vermont, limekuzwa mara 50. Ongeza kwamba kila jimbo lina sheria yake ya saini na tarehe za mwisho kwa wagombea huru. Na yeye mwenyewe alisema hataki kuwa mtu wa kuwagawia kura Warepublican washinde.

Lakini kuingia nyumba ya watu kuna masharti. New Hampshire fomu inamtaka mgombea awe wa chama husika. Pingamizi likawekwa, tume ikalitupa, maana Vermont haina daftari la vyama la kumtolea ushahidi. Kule akashinda kwa asilimia 60. New York ndiyo iliyomkata. Mchujo wake ni wa wanachama walioandikishwa tu, na aliyetaka kubadilisha chama kwa ajili ya uchaguzi wa tarehe 19 Aprili 2016 alipaswa kufanya hivyo kufikia tarehe 9 Oktoba 2015, miezi sita nyuma. Vijana wengi wasio na chama, ambao ndio kura zake, waligundua wamechelewa. Clinton akashinda 58 kwa 42. Mtu aliyejengwa na jimbo lisilo na daftari la vyama aliangukia jimbo lenye daftari kali kuliko mengi.

Fedha hazikuwa tatizo, na hapa alibadilisha mchezo. Kikomo cha mchango wa mtu mmoja mwaka 2016 kilikuwa dola 2,700 kwa uchaguzi. Mchangiaji tajiri hutoa zote siku ya kwanza na amekwisha. Wastani wa mchango wa Sanders ulikuwa dola 27 kupitia intaneti. Aliyetoa 27 unaweza kumrudia tena na tena hadi mwisho wa kampeni. Alikusanya zaidi ya dola milioni 200 kwa njia hiyo, akapata kura milioni 13 na kushinda mashindano 23.

Mwaka 2020 ulianza kama Burlington. Wagombea wa mrengo wa kati walikuwa wengi, wanagawana, naye akachukua New Hampshire kwa kama robo ya kura na Nevada kwa karibu 47. Ilionekana atafika kwa mwendo huo huo wa 43. Kisha Joe Biden akashinda South Carolina tarehe 29 Februari, Pete Buttigieg akajitoa kesho yake, Amy Klobuchar keshokutwa, wote wakampa Biden mkono. Panzi walipatana ndani ya saa 48. Jumanne Kuu, majimbo 14 yalipopiga kura, Biden alichukua kumi na Sanders manne: California, Colorado, Utah na Vermont. Tarehe ilikuwa 3 Machi, Jumanne kama ile ya kura 10, miaka 39 kamili baadaye. Alijitoa tarehe 8 Aprili.

Kwa walio Tanzania na Kenya, tofauti ya sheria ni hii kwa kifupi. Katiba ya Tanzania, ibara ya 39 na 67, inataka mgombea awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 14 Juni 2013 katika shauri la Mchungaji Mtikila kwamba sharti hilo linakiuka mkataba wa Afrika. Kenya, ibara ya 85 ya Katiba ya 2010, inamruhusu mgombea huru mradi hakuwa mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Sanders angepita mtihani wa Kenya mara zote alizogombea Seneti kuanzia 2006.

Swali la mwisho, ni Democrat au siyo? Jibu liko kwenye fomu mbili za Machi 2019. Moja aliitia saini kwa uongozi wa Democratic, akiahidi kwamba ni mwanachama na atatawala kama mwanachama akishinda urais. Mwezi huo huo jina lake likaandikishwa kwenye tume ya uchaguzi ya shirikisho kugombea Seneti mwaka 2024, na sehemu ya chama ikajazwa: huru. Ile ya pili ndiyo iliyopata kazi. Novemba 2024, akiwa na miaka 83, Vermont ilimrudisha kwa asilimia 63.